Swali la Mwalimu Mumbua

Wazee wetu wa Jilore, mchungaji na waumini, wakwe zetu mliotoka Kangundo na Mariakani, majirani wa Barani, walimu wenzake Mumbua, na ninyi wanafunzi mliovuka mipaka kuja kumsindikiza Mwalimu wenu, poleni, na msiba huu ni wetu sote. Mimi ni Garama Masha, mdogo wake Laban, na jamaa wamenipa kazi hii kwa sababu wao sauti zimewakauka, basi nivumilieni nami ikinikauka njiani.

Marehemu Dorkasi Mumbua, mke wa ndugu yangu Laban Dena Masha, alizaliwa tarehe 3 Machi 1940 huko Kangundo, wilaya ya Machakos, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Mutua Kilonzo na mama Syombua. Aliyemtangulia ni dada yake, Josefina Nduku, aliyemzidi miaka minne, na waliowajua wakiwa wadogo husimulia kwamba tangu Mumbua alipojua kutembea alimfuata Nduku kila aendako, hata Nduku akitumwa mtoni kuchota maji alikuwa akigeuka na kumwona mdogo wake nyuma, amejitwika kikopo kitupu kichwani.

Mzee Mutua alikuwa fundi wa malori, na mwaka 1946 alipata kazi kwa wafanyabiashara wa kahawa huko Bukavu, katika nchi ya Kongo ya wakati ule, akaenda na mkewe na binti zake wawili. Huko ndiko Mumbua alikoanza shule, mwaka 1948, kwa watawa waliofundisha kila kitu kwa Kifaransa, na kwa kuwa Nduku alikuwa ametangulia darasani, yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza wa lugha ile, wakilala kitanda kimoja, Nduku akitamka neno na Mumbua akilirudia mpaka usingizi uwachukue. Walizoea kusemezana kwa Kifaransa walipotaka mama yao asijue wanasema nini, na mama Syombua hakukasirika, alikuwa akiwaambia tu, "Semeni, semeni, tumbo likiwauma mtarudi kwa Kikamba."

Mwaka 1957 Nduku alikwenda kusomea uuguzi katika mji ambao leo unaitwa Kisangani, mbali sana na Bukavu, na Mumbua akabaki akimaliza masomo yake ya sekondari, akihesabu likizo za dadake. Likizo ya mwaka 1960 haikufika. Mwezi wa Julai mwaka huo nchi ilichafuka, wageni wakaanza kukimbia, na mzee Mutua akapakia jamaa yake katika lori alilokuwa akilitengeneza, wakapita Goma hadi Kisoro, Uganda, na njia nzima mama Syombua aliketi akitazama nyuma, kwa kuwa walikuwa wamemwachia jirani maneno kwamba Nduku akija aambiwe awafuate. Nduku hakuweza kuja, barabara zilikuwa zimefungwa. Mwaka 1963 dereva mmoja aliyepita huko alileta habari kwamba yu hai na anafanya kazi hospitali, kisha mwaka 1964 vikaja vita vingine huko, na tangu hapo ikawa kimya.

Jamaa waliporudi Kenya mzee Mutua alipata kazi katika gereji ya malori huko Mariakani, na Mumbua, aliyekuwa na miaka ishirini na elimu nzuri, akajikuta ni kama hajasoma, maana kila alipokwenda kuomba kazi aliulizwa kwa Kiingereza, naye Kiingereza hakukijua. Hakukata tamaa, alikaa na vitabu mwaka mzima, akajifunza, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1961, akamaliza mwishoni mwa 1962, na Januari 1963 akapelekwa kufundisha shule ya msingi huko Kilifi. Kifaransa chake akakifungia ndani. Mwenyewe aliwahi kumwambia ndugu yangu kwamba katika miaka ile alikuwa akijisemesha peke yake akifua nguo, isije ile lugha ikamtoka, kwa sababu alihofia siku ya kukutana na Nduku akose la kumwambia.

Ndugu yangu Laban wakati huo alikuwa bwana shamba hapo Kilifi, akizunguka kuwafundisha watu kupanda mikorosho, na siku moja alikwenda shuleni kuomba watoto wapande miche kando ya uwanja, akapokewa na mwalimu mmoja mdogo wa kimo aliyemwambia, "Panda, lakini ukipanda uje umwagilie mwenyewe, mimi watoto wangu wana mtihani." Laban akaenda kumwagilia kila jioni, msimu mzima, na hiyo miche, sisi nyumbani tulijua, haikuhitaji maji kiasi hicho. Walifunga ndoa kanisani hapa Jilore tarehe 18 Desemba 1965, na mama yetu, marehemu Mbeyu, aliyekuwa amenung'unika kwamba mwanawe anakwenda kuoa bara, alipomwona bibi harusi akipokea kinu na kutwanga pasipo kuombwa, tangu siku hiyo hatukumsikia tena akinung'unika juu ya jambo hilo.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Masha aliyezaliwa mwaka 1966, Nduku mwaka 1969, na Baya mwaka 1972. Juu ya jina la huyu binti palikuwa na maneno, kwani desturi yetu ni majina yatoke kwa baba, na wazee walikuwa wameshachagua, lakini Mumbua alimwendea mama mkwe wake na kumweleza habari za dada yake tangu mwanzo hadi mwisho, na mama Mbeyu akatoka nje akawaambia wazee, "Mtoto ataitwa Nduku, huenda mwenye jina akaitika huko aliko." Ndipo tukawa na Nduku wa hapa na Nduku wa kule. Mama Syombua alifariki Mariakani mwaka 1971, na kabla ya kukata roho aliuliza kama kuna habari, Mumbua akamjibu kwamba bado, na neno hilo dogo lilimtafuna kwa miaka mingi.

Mwaka 1974 Laban alihamishiwa Malindi, nao wakapanga nyumba Barani, na Mumbua akapata nafasi ya kufundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapo mjini. Tulimwona akichanua. Lakini mwaka 1979 somo hilo liliondolewa kwa kukosa wanafunzi, akarudishwa kwenye jiografia, na ilikuwa katika kipindi hicho cha huzuni, Februari 1980, ambapo mchungaji wetu alimletea vijana wawili wa Kihabeshi, Tesfaye na nduguye, waliokuwa wamekimbia kwao na walio na jamaa Jibuti, wakitaka kujua Kifaransa kabla ya kwenda kuwafuata. Aliwafundisha barazani kwake saa za alasiri. Baada ya mwezi wakaja wengine wanne, na kufikia Septemba baraza haikutosha tena, ndipo Laban akazungumza na mtu mmoja aliyekuwa na ghala la korosho lisilotumika, akawapa walitumie. Walifagia, wakapaka chokaa, wakapanga mabenchi, na hivyo ndivyo ilivyozaliwa Shule ya Kifaransa ya Barani, ambayo harufu ya korosho haikuitoka kamwe, hata wanafunzi wake walioko mbali wameniambia wakisikia korosho zinakaangwa maneno ya Kifaransa huwajia mdomoni.

Walitoka Uhabeshi, Uganda, Sudan na Msumbiji, wakaja hata Wajerumani wa mahotelini, na mama mmoja wa Kiitaliano, mjane aliyekaa Malindi, ambaye wajukuu wake walizaliwa Ufaransa naye hakuwa na lugha ya kuzungumza nao. Kila mmoja alikuwa na mtu au kazi upande wa pili wa lugha ile, na Mumbua alilijua hilo vizuri kuliko mwalimu yeyote, ndiyo sababu hakumcheka mtu. Msudani mmoja mrefu alipoiita Parisi "Barisi" darasa likaangua kicheko, Mumbua aliwanyamazisha akasema, "Acheni afike kwanza, akishafika ataita apendavyo." Ile sauti ya Kifaransa iliyo ngumu, ambayo si "i" wala si "u", aliwafundisha kwa kuwaambia wakunje midomo kama anayepuliza jiko, halafu waseme "i", na ungepita pale ghalani mchana ungesikia watu wazima wa mataifa sita wanapuliza jiko lisilokuwapo. Wanawake wa Barani waliokuwa wakimwuzia mahamri na mbaazi kwa ajili ya mapumziko walijifunza nao, wakawa wanamwamkia, "Bonjuu, Mwalimu," naye huwajibu, "Shikamoo kwanza, hiyo bonjuu baadaye."

Mwalimu Adhiambo, ambaye yuko nasi hapa, alijiunga naye mwaka 1981, baada ya kuhitimu Kifaransa chuo kikuu, na wawili hao waliifanya kazi pamoja mpaka mwisho bila ya kukwaruzana, ila juu ya redio tu, kwani Adhiambo aliipenda wakati wa kusahihisha na Mumbua hakuipenda.

Agosti 1982, nchi ilipokuwa katika taharuki baada ya jaribio la kupindua serikali na watu wakizuiwa kutembea usiku, wanafunzi wa kigeni waliingiwa na hofu, hasa wale waliokuwa wameshakimbia mara moja makwao. Mumbua hakungoja kushauriwa, aliwachukua wote, akawaleta hapa Jilore, wakakaa nasi mpaka hali ilipotulia. Darasa lilikuwa chini ya dungu la mahindi, wakipukuchua huku wakinyambua vitenzi, na mama Mbeyu akawapikia wali wa nazi na kuwauliza mmoja mmoja, kwa Kigiriama, mama zao wako wapi, huku Mumbua akitafsiri, mpaka alipofika kwa Tesfaye, ambaye alikuwa bado hajapata njia ya kwenda Jibuti, naye hakujibu. Mama akamkatia kipande kikubwa cha samaki, akasema, "Basi huyu msimwulize tena, mpeni ale." Wale waliokuwapo wanakumbuka kwamba Mumbua alitoka nje, akakaa nyuma ya jiko muda mrefu.

Sasa nifike kwenye lile ambalo wanafunzi wake waliliita swali la Mwalimu. Kila aliyemaliza masomo Mumbua alimsindikiza mwenyewe hadi kituo cha basi, akamshika mkono, na kabla ya gari kuondoka alimwambia, "Ukifika huko, kila penye hospitali, uliza kama wanamjua muuguzi aitwaye Josefina Nduku binti Mutua, wa Bukavu." Hakuwaomba jingine. Waliuliza Jibuti, waliuliza Bangui, waliuliza Kigali, hata yule mama wa Kiitaliano aliwahi kuuliza katika hospitali moja ya Ufaransa, na wote walileta jibu moja, hawamjui. Laban alijaribu kumtuliza, akamwambia labda ni wakati wa kumwombea dada yake kama tunavyowaombea waliotangulia, na Mumbua akamjibu kwa upole, "Wewe mwombee hivyo, Baba Masha, mimi nitaendelea kuuliza." Hawakulizungumza tena.

Mwaka 1983 alikuja binti wa Kiganda, Akello, ambaye naye alikuwa muuguzi, na alikuwa ameahidiwa kazi Bujumbura akijua Kifaransa. Alikaa nyumbani kwa Mumbua, akilala chumba kimoja na Nduku wa hapa, na alipoondoka mwishoni mwa 1984 alipewa swali kama wengine. Tofauti ni kwamba Akello hakuuliza mara moja akaacha, aliuliza kila muuguzi aliyekutana naye kazini, na wauguzi wana njia zao za kujuana. Mwezi wa Desemba 1985, siku moja alasiri, darasa likiendelea, alisimama mlangoni pa ghala na vumbi la safari, bila ya kupeleka habari kwanza, na Mumbua alipomwona akaacha sentensi katikati. Akello akasema, "Mwalimu, yuko Uvira. Ni mkunga. Nimemwona kwa macho yangu." Adhiambo ndiye aliyemaliza kipindi.

Uvira ni ng'ambo tu ya ziwa kutoka Bujumbura. Nduku alikuwa amehamia huko mwaka 1967, akaolewa, akafiwa na mume, akalea watoto watano, na miaka ile yote alidhani kwamba wazazi wake walirudi Kangundo, akapeleka maulizo Kangundo, na Kangundo hapakuwa na mtu wa kujibu, kwa kuwa jamaa walikuwa Mariakani. Hivyo ndivyo dada wawili walivyotafutana, mmoja akitafuta mashariki na mwingine magharibi.

Aprili 1986 Mumbua alisafiri kwa mabasi, Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura, huku Laban hana usingizi hapa, na akafika Uvira asubuhi, akaenda moja kwa moja kwenye wodi ya wazazi. Alimwona mwanamke mnene wa makamo aliyevaa nguo nyeupe, amempa mgongo, akamwita jina. Yule mwanamke hakugeuka, alikuwa na mama anayejifungua, akasema kwa ukali, "Jamaa za wagonjwa wangoje nje!" Na Mumbua, mwalimu mzima wa miaka arubaini na sita, akatoka nje akangoja, akicheka na kulia pamoja, kwa kuwa, alivyotusimulia, hakuwa amekaripiwa na dada yake tangu utotoni na hakujua jinsi alivyoyakosa makaripio hayo. Mtoto alipokwisha kuzaliwa Nduku akatoka anafuta mikono, akamtazama, akamtazama tena, akasema, "Mbona umepungua hivyo, hawakupi chakula?" Kisha akaketi chini hapo hapo barazani.

Walijaribu kusema Kikamba na kikawashinda wote wawili, kimebaki cha watoto tu, Kiswahili wakakiona cha kusemea na watu wengine, wakarudi kwenye Kifaransa chao cha utotoni, na kwa kile Kifaransa Mumbua akamweleza habari za kifo cha mama yao. Alimsihi dadake aje naye Malindi. Nduku akakataa, akasema mumewe amezikwa kule na watoto wake wako kule, na kwamba akistaafu atakuja, wakae pamoja walau msimu mmoja wa mvua. Mumbua akarudi peke yake. Tulidhani sasa ametulia, lakini Laban anasema hamu yake ilizidi, kwani zamani alimtamani Nduku wa kufikirika, na sasa alimtamani mtu anayemjua kicheko chake, mwendo wake, na namna anavyochovya mkate kwenye chai.

Shule iliendelea miaka miwili zaidi, ikafikisha wanafunzi kutoka nchi kumi na moja. Mwaka 1988 mwenye ghala, ambaye alikuwa amewavumilia kwa wema tangu mwanzo, alilihitaji ili ajenge vyumba vya wageni, na kwa wakati huo Mumbua alikuwa ameanza kuvimba miguu na kuchoka. Darasa la mwisho lilikuwa Ijumaa, tarehe 29 Julai 1988. Hawakufanya sherehe, walisoma kama kawaida, wakanywa chai, na wanafunzi wakabeba mabenchi vichwani mpaka kwenye ukumbi wa kanisa, ambako Mwalimu Adhiambo anaendelea na darasa dogo. Baada ya hapo, kila ifikapo saa nane mchana Mumbua alivaa viatu vyake vya kazi, akakaa barazani, na hakuna mtu nyumbani aliyemwuliza anakwenda wapi.

Ugonjwa ulikuwa wa figo. Alitibiwa Malindi, kisha akalazwa hospitali ya Kilifi mwezi wa Machi mwaka huu, na madaktari walipopendekeza Nairobi aliwashukuru akakataa, akasema kuna mgeni yuko njiani asije akamkosa. Nduku alikuwa amestaafu Desemba, na Akello alimsindikiza kutoka Bujumbura hadi Kampala, na Masha akaenda kumpokea Nairobi, wakafika Kilifi Jumamosi, tarehe 22 Aprili. Mumbua alifumbua macho akamwambia, "Umechelewa." Nduku akajibu, "Mimi? Ninyi ndio mlioondoka." Wakacheka mpaka wauguzi wakaja kutazama kuna nini.

Tangu siku ile Nduku hakutoka pale kitandani. Alimwogesha, alimlisha, alimgeuza, akawaambia wauguzi wa wodi wapumzike, huyu ni wake. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha, na Mumbua alipenda dirisha liachwe wazi azisikie. Hata maneno yalipompungukia, Nduku aliendelea kumsemesha kwa sauti ya chini, akitamka neno, akingoja, akitamka jingine. Alituacha Jumapili, tarehe 14 Mei 1989, kabla ya adhuhuri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa dada yake, na Laban amesimama upande wa miguu.

Ameacha mume, watoto watatu, mjukuu mmoja, dada, na wanafunzi ambao hatuna hesabu yao. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Malindi na Kilifi waliompokea kwa heshima hadi siku ya mwisho, majirani wa Barani mliotupikia na kulala matangani nasi, mwenye ghala aliyekuja leo na jamaa yake yote, mchungaji wetu, Mwalimu Adhiambo na walimu wenzake, Tesfaye aliyefika jana kutoka Jibuti, na Akello, ambaye kwetu sisi si mgeni tena bali ni binti wa nyumba hii. Dada yetu Nduku atakaa nasi Jilore msimu huu wa mvua, kama walivyopatana.

Mumbua, sisi tuliokuoa tumekusindikiza mpaka tulipoweza, mbele yako, nyuma yetu. Mola akupokee, ulale kwa amani.